Sura ya Saba: Jua la Kaizari

Kuna siku mbingu ya Ujerumani au Austria huamka imetakata, buluu kutoka ukingo hadi ukingo, wingu hakuna hata la dawa. Jua linawaka ila haliunguzi. Siku hiyo bustani za bia hujaa kabla ya saa sita mchana, watu hupishana kwenye njia za milimani, na jirani akikutana na jirani mlangoni humpa neno moja tu: *Kaiserwetter*. Hali ya hewa ya Kaizari.

Neno lenyewe limeungwa kwa vipande viwili. *Wetter* ni hali ya hewa. *Kaiser* ni cheo cha mtawala aliye juu ya wafalme, na mzizi wake ni Julius Caesar wa Roma, ambaye jina lake Warumi wa kale walilitamka kwa K. Jina hilohilo ndilo lililoingia katika Agano Jipya la Kiswahili kwa umbo la Kaisari. Kulielewa neno lenyewe si kazi. Kazi ni kueleza linavyodumu midomoni mwa watu, maana Ujerumani na Austria hazina Kaizari tangu Novemba 1918. Viti vya enzi vilipinduliwa, bendera zikabadilishwa, mipaka ikachorwa upya mara kadhaa, na bado mtangazaji wa redio akitaka kusifu Jumapili njema humtaja mtawala ambaye hata babu yake hakumwona.

Neno hili lina ndugu zake, nao wanasaidia kulielewa. Mvua ya baridi ikinyesha mfululizo, Wajerumani husema *Hundewetter*, hali ya hewa ya mbwa. Ikizidi ni *Sauwetter*, ya nguruwe jike. Watu wa kaskazini, Hamburg na pwani yake, wana *Schietwetter*, na *Schiet* katika lahaja yao ni mavi. Mgawanyo uko wazi: ubaya wa mbingu umepewa wanyama na uchafu, uzuri umepewa mtawala. Nani aliyemkabidhi Kaizari jua? Majibu yanayotolewa ni mawili, na kila moja lina Kaizari wake.

Mwana wa chumvi

Jibu la kwanza linatupeleka Austria, kwa Franz Joseph wa Kwanza. Mama yake, Sophie, binti wa mfalme wa Bavaria aliyeolewa katika ukoo wa Habsburg, alikaa miaka kadhaa bila mtoto, mimba zikiharibika. Akapelekwa Ischl, mji mdogo wa wachimba chumvi katika milima ya Salzkammergut, akaogeshwa maji ya chumvi kama tiba. Tarehe 18 Agosti 1830 alijifungua mvulana katika kasri la Schönbrunn mjini Vienna. Wadogo zake walipofuata, watu wakawaita wote wana wa chumvi.

Mvulana huyo alitawazwa tarehe 2 Desemba 1848 akiwa na umri wa miaka 18, akakaa kwenye kiti mpaka alipofariki tarehe 21 Novemba 1916, akiwa na miaka 86. Hesabu Agosti zilizopita hapo katikati: ni 68. Kila moja ilikuwa na sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaizari, na haikuwa sherehe ya familia. Kutoka Trieste kwenye bahari ya Adria hadi Lemberg, mji ambao leo ni Lviv wa Ukraine, siku hiyo kulikuwa na misa, gwaride, wimbo wa taifa uliotungwa na Haydn, na fataki usiku. Watu waliosema Kijerumani, Kicheki, Kipolandi, Kihungari na Kiitalia, wasiopatana katika mambo mengi, walikuwa na tarehe moja ya kukutana uwanjani.

Tarehe yenyewe ilikuwa ya bahati. Katikati ya Agosti ni mkia wa majira ambayo Wajerumani huyaita siku za mbwa, kwa ajili ya nyota ya Sirius iliyo katika kundi la Mbwa Mkubwa. Ndio muda wa joto kali, mavuno yakiwa yamekaribia kwisha na watu wakiwa na nafasi ya kutoka nje. Vienna na nyanda za mashariki huwa na jua la kutosha wakati huo. Mwaka baada ya mwaka bendi ilipiga, bendera zikapepea, na jua likawaka. Mtu aliyezaliwa 1850 aliweza kufika uzeeni akiwa hajui 18 Agosti nyingine isipokuwa ile ya Kaizari. Kamusi ya Duden, ambayo Wajerumani huiamini kama hakimu wa lugha yao, inaegemea upande huu: hali ya hewa ya Kaizari ni ile iliyosemekana kutawala siku ya kuzaliwa kwa Franz Joseph.

Neno la kushika hapo ni "iliyosemekana". Maana Kaizari mwenyewe, siku hiyo, kwa kawaida hakuwa Vienna. Alikuwa Ischl, mji uleule wa chumvi, katika jumba la Kaiservilla ambalo mama yake alimpa kama zawadi ya harusi mwaka 1854. Karibu kila kiangazi alikwenda huko kuwinda. Na Ischl ni mji wa mvua. Mawingu yanayotoka kaskazini-magharibi hugonga milima ya Alps na kumwaga hapohapo. Kwa mwaka mji hupata zaidi ya milimita 1,500, wakati Dar es Salaam hupata kama 1,100. Zaidi ya hayo, miezi yenye mvua nyingi huko ni ya kiangazi. Jirani yake, Salzburg, una hata jina la pekee la mvua yake, *Schnürlregen*, mvua ya nyuzi, kwa sababu hushuka imenyooka, nyembamba, bila kukatika, kama nyuzi zilizoning'inizwa kutoka mbinguni. Ndiyo kusema kwamba yule ambaye jina lake lilifungwa kwenye jua alisherehekea kuzaliwa kwake katika moja ya pembe za milki yake zinazolowa zaidi. Raia wa Vienna walipata jua kwa niaba yake.

Mtukufu anahitaji jua

Jibu la pili linahamia Berlin, kwa Wilhelm wa Pili, aliyetawala Ujerumani kuanzia 1888 hadi 1918. Hapa siku ya kuzaliwa haisaidii kitu. Wilhelm alizaliwa tarehe 27 Januari 1859, na Berlin mwishoni mwa Januari ni baridi, kijivu, na giza linaloingia saa kumi na moja jioni. Anayetaka kumpa Wilhelm neno hili lazima atafute sababu nyingine, na sababu hiyo ni kamera.

Wilhelm alipenda kuonekana. Alikuwa safarini kiasi kwamba watu walimtania kwa jina la *Reisekaiser*, Kaizari wa safari: uzinduzi wa sanamu huku, meli kushushwa majini kule, ukaguzi wa askari, mashindano ya jahazi Kiel, na karibu kila kiangazi ziara ya Norway kwa meli yake ya Hohenzollern. Utawala wake ukaangukia wakati ambapo picha za sinema zilikuwa zinazaliwa. Juni 1895, mfereji unaounganisha Bahari ya Kaskazini na Baltiki ulipofunguliwa na kupewa jina la babu yake, mpiga picha Birt Acres kutoka Uingereza alikuwepo na kamera ya sinema, akigharimiwa na Ludwig Stollwerck, mfanyabiashara wa chokoleti wa Köln. Ilikuwa miezi sita kabla ndugu Lumière hawajaonyesha sinema yao maarufu Paris. Wilhelm akawa mmoja wa watawala wa kwanza duniani kupigwa picha zinazotembea, na kwa miaka zaidi ya 20 iliyofuata hapakuwa na Mjerumani aliyeonekana zaidi kwenye sinema kuliko yeye.

Kamera za wakati huo zilikuwa na njaa ya mwanga. Mpigaji alizungusha mkono kwa kasi ya picha kama 16 kwa sekunde, na kila picha ilipata sehemu ndogo tu ya sekunde kuchorwa kwenye filamu ambayo dawa yake ilikuwa nzito kuitika. Siku ya mawingu ilitoa vivuli visivyotambulika. Ndiyo maana studio za kwanza zilijengwa kwa paa la vioo, na ndiyo maana wapiga picha wa Kaizari waliomba mbingu safi kuliko mkulima yeyote. Mtengeneza filamu Peter Schamoni alipokusanya picha hizo na kuzifanya filamu ya maisha ya Wilhelm, aliipa jina *Majestät brauchen Sonne*, Mtukufu Anahitaji Jua.

Kuna kitu kimoja cha kutazama kwa makini katika picha zile za zamani. Filamu ya wakati huo iliona rangi ya buluu kwa wepesi mno na nyekundu kwa shida. Uniforomu yenye nyekundu ilitoka nyeusi, na anga la buluu liliungua likawa jeupe tupu. Leo ukitazama gwaride la Wilhelm kwenye kioo, vyeo vinang'aa, farasi wanang'aa, helmeti yenye tai inang'aa, mkono wake wa kushoto uliolemaa tangu kuzaliwa umefichwa kwenye mpini wa upanga au ndani ya mfuko. Lakini juu yake hakuna buluu yoyote. Mbingu iliyoipa siku ile jina ndiyo pekee ambayo kamera ilishindwa kuihifadhi.

Kaizari hulifuata jua

Tukiyaweka majibu hayo kwenye mizani, la Austria lina uzito zaidi katika swali la kuzaliwa kwa neno. Lina tarehe moja isiyohama na lina miaka 68 ya kuirudia. La Berlin linaeleza vizuri zaidi lilivyokua. Neno lililoanza na sikukuu moja ya Agosti lilipata kazi mwaka mzima mikononi mwa mtawala ambaye kila wiki alikuwa na sherehe, na mwenye magazeti na sinema za kuitangaza. Hakuna haja ya kumnyang'anya mmoja ili kumpa mwingine.

Ila yote mawili yanaacha swali la msingi: kwa nini watu walikubali kwamba jua linamfuata mtawala? Jibu halina uchawi. Kaizari ndiye aliyelifuata jua. Sherehe za wazi huwekwa miezi ya jua. Mvua ikinyesha, gwaride hufupishwa, mtawala huingia ndani, mpiga picha hufunga kamera yake, na kesho yake gazeti halina cha kuchapisha. Siku ya mvua haifi kwa kukanushwa. Hufa kwa kukosa picha. Inayobaki ni rundo la siku za jua, na katika kila mojawapo yumo Kaizari.

Waingereza walifanya vivyo hivyo kwa bibi yake Wilhelm. Katika utawala wa Victoria walikuwa na msemo wao, hali ya hewa ya Malkia, na tarehe 22 Juni 1897, alipoadhimisha miaka 60 ya kutawala, asubuhi ilianza na mawingu, jua likachomoza msafara ulipotoka Buckingham. Watu walilisimulia jambo hilo miaka mingi. Siku zake za mvua, katika nchi kama Uingereza, hazikupata msimulizi.

Wajerumani wana hila moja zaidi, na ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Katika maneno ya kila siku, mwenye kazi ya hali ya hewa ni Petro, mtume aliyekabidhiwa funguo za mbinguni. Harusi ikiloweshwa, lawama ni za Petro. Mpira ukiahirishwa uwanja ukiwa bwawa, Petro hakututakia mema leo. Hivyo basi mvua ina mwenyewe na jua lina mwenyewe, na wenyewe hao si mtu mmoja. Kaizari alipewa faida, mtume akabebeshwa hasara, na mtume hakuwa na gazeti la kujitetea.

Mwenye mvua wa Vugha

Wilhelm wa Pili alikuwa pia mtawala wa Tanganyika, Rwanda na Burundi, nchi zilizoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hakuwahi kukanyaga huku, lakini sura yake ilizoeleka: ilikuwa kwenye rupia ya fedha, amevaa helmeti yenye tai, na pembeni jina lake kwa Kilatini. Aliyeuza nazi Bagamoyo au pembe Tabora alimshika Kaizari mkononi. Kilele cha Kilimanjaro nacho kilipewa jina lake na Hans Meyer, aliyekifikia Oktoba 1889. Leo ni Uhuru. Na siku ya kuzaliwa ya Januari, ile iliyokuwa na baridi na ukungu Berlin, huku iliangukia katikati ya kaskazi, kati ya vuli na masika, jua likiwa la utosi. Askari wa Dar es Salaam walipiga gwaride la tarehe 27 Januari katika mwanga ambao wapiga picha wa Berlin wangeutamani. Kwa mzaha wa jiografia, koloni ndilo lililompa Wilhelm sikukuu yenye jua.

Lakini wakoloni wale walikuta tayari huku watu wenye mawazo mapevu kuhusu mtawala na mbingu. Katika milima ya Usambara, kule Vugha, ukoo wa Wakilindi ulitawala kwa vizazi, na mkubwa wao aliitwa Simba Mwene. Johann Ludwig Krapf, mmisionari, alipofika huko mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai akiwa na enzi iliyoshuka mpaka karibu na pwani. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na Washambaa na kuandika historia yao, ameeleza kwamba nguvu ya mfalme ilipimwa kwa mvua. Alikuwa na dawa za mvua, na kwa ajili hiyo watu walimlipa kodi ya mazao na mifugo. Washambaa wana maneno mawili ya kupima utawala: *kuzifya shi*, kuiponya nchi, na *kubana shi*, kuiharibu. Wenye dawa za mvua wawili wakigombana, au mfalme akiwa dhaifu kuliko wapinzani wake, mvua hukatika. Mfalme mwenye nguvu zisizopingwa huiponya nchi.

Tofauti na Berlin iko hapo. Mfalme wa Vugha hakupewa mvua peke yake. Alipewa na ukame. Njaa ikiingia, hakuwa na Petro wa kumsingizia. Watu walimwendea yeye, wakamuuliza amefanya nini, au amemwacha nani aiharibu nchi. Dawa za mvua zilikuwa mzigo wa kazi, na kodi ilikuwa mshahara wa kuubeba. Maofisa wa Kijerumani waliyaita mambo haya ushirikina. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha, na kupanga viti vya machifu walivyotaka. Wakati huohuo, nyumbani kwao neno *Kaiserwetter* liliendelea kumpa mtawala sifa ya jua bila kumdai chochote siku ya mvua.

Sisi wenyewe huku kwetu hatujaacha. Mgeni rasmi akifika uwanjani na mvua ikaanza kudondoka, mshereheshaji hushika kipaza sauti na kutangaza kwamba mheshimiwa amekuja na baraka. Tumegeuza upande tu: mtu wa nchi ya baridi husifu kwa jua, mtu wa nchi ya kiangazi kirefu husifu kwa mvua. Ile nusu ya pili ya mkataba wa Vugha, ya kumwuliza mheshimiwa kuhusu miezi ya ukame, tumeiacha njiani kama Wajerumani.

Baada ya Kaizari

Kiti kilipobaki kitupu mwaka 1918, jua halikukaa muda mrefu bila kugombewa. Miaka ya 1930 wafuasi wa Hitler walizoea kusema "hali ya hewa ya Hitler" mikutano yao ilipopata mbingu safi. Tarehe 1 Agosti 1936, alipofungua michezo ya Olimpiki Berlin mbele ya dunia nzima, mbingu ilikuwa na mawingu na manyunyu. Msemo huo ulikufa pamoja na utawala wake, na hakuna anayeukumbuka kwa wema. Neno la zamani likarudi mahali pake, safari hii likiwa halina mtawala aliye hai wa kulidai, na pengine ndiyo iliyoliokoa.

Likapata mpangaji mmoja wa kirafiki. Franz Beckenbauer, nahodha aliyetwaa Kombe la Dunia 1974 na kocha aliyelitwaa tena 1990, Wajerumani walimwita der Kaiser. Mwaka 2006 alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandaa Kombe la Dunia Ujerumani. Mashindano yalianza Munich tarehe 9 Juni, wenyeji wakiifunga Costa Rica 4–2, na kiangazi kikafunguka: Julai ya mwaka ule iliweka rekodi ya joto nchini humo. Kaizari alikuwepo, jua lilikuwepo, na utani ulijitengeneza wenyewe.

Jamhuri, kwa upande wake, ilibuni njia yake ya kuipa mbingu majina. Mwaka 1954 Karla Wege, aliyekuwa katika taasisi ya hali ya hewa ya Chuo Kikuu Huria cha Berlin, alipendekeza kwamba migandamizo ya hewa ya Ulaya ya Kati ipewe majina ya watu. Mgandamizo mdogo, unaoleta mvua na upepo, ulipewa jina la kike. Mgandamizo mkubwa, unaofagia mawingu, la kiume. Wanawake walilalamika, na haki yao, mpaka mwaka 1998 ulipowekwa utaratibu wa kupokezana kila mwaka. Kisha taasisi ikapungukiwa fedha, na kuanzia 2002 ikaamua kuuza majina kwa yeyote, ili kulipia wanafunzi wanaopima hali ya hewa usiku na mchana. Kwa miaka mingi bei ilikuwa euro 199 kwa mgandamizo mdogo na 299 kwa mkubwa. Jua lilikuwa ghali kwa euro 100 kuliko mvua, kwa sababu ya haki kabisa: mgandamizo mkubwa hudumu siku nyingi zaidi kwenye ramani.

Januari 2012 jina moja lilinunuliwa kutangaza gari. Mgandamizo mkubwa ulipewa jina Cooper, la Mini ya kampuni ya BMW, na waliopanga walitazamia siku nzuri za kupiga picha. Mbingu kweli ilitakata. Lakini wakati wa baridi, mbingu isiyo na wingu haina blanketi. Joto la ardhi hupanda na kupotea usiku, na upepo wa mashariki uliletwa moja kwa moja kutoka Siberia. Ulaya Mashariki ikaganda. Mamia ya watu walikufa, hasa Ukraine na Poland, wengi wao wasio na makazi. Magazeti yakaandika jina lililolipiwa kando ya hesabu ya maiti, na kampuni ikalazimika kutoa tamko la masikitiko. Safari hii aliyeweka jina lake kwenye jua alidaiwa maelezo, kama Simba Mwene.

Tangu hapo jua lenyewe limeanza kubadilika tabia. Mwaka 2018 Ujerumani ilikuwa na *Kaiserwetter* kuanzia Aprili hadi Oktoba. Mahindi yalikauka yakiwa mafupi, wafugaji walichinja mifugo kwa kukosa majani, na serikali kuu na za majimbo zikatenga hadi euro milioni 340 kuwasaidia wakulima. Tarehe 22 Oktoba kipimo cha Mto Rhein pale Kaub, mahali ambapo meli hupita kwa tahadhari zaidi, kilisoma sentimita 25 tu. Meli zikapita na sehemu ndogo ya mzigo, mafuta yakapanda bei mbali na mto, na kiwanda kikubwa cha kemikali cha Ludwigshafen kikapunguza uzalishaji. Tangu kiangazi kile watabiri wa hali ya hewa wamekuwa wakiulizwa na watazamaji kwa nini wanaendelea kuziita siku hizo nzuri, na mvua kuiita mbaya.

Kuhusu asili ya neno, basi, hukumu yangu ni hii: lilizaliwa Austria tarehe 18 Agosti, likalelewa Berlin na kamera, na limeishi mpaka leo kwa sababu halimdai mtu. Nawe msomaji, siku ukisikia kiongozi anasifiwa kwa jua au kwa mvua, uliza wanachokiuliza Washambaa: ukame ukija, nani atakayejibu? Kama hakuna, sifa hiyo isikupotezee muda.